Nyumba Wasimoingia Wanaume

Amisi, mwanangu wa kwanza na wa mwisho, sauti unayoisikia ni ya Bibi Asumini, lakini maneno ni yangu. Simama hapo hapo nje ya lango. Karatasi hii usiiombe na usiiguse. Akimaliza kuisoma ataichoma mbele ya macho yako, nimemwapisha. Yeye anaweza kuishika kwa sababu ndui ilishamla zamani za Wabelgiji ikamtema, na uso wake ndio ushahidi. Bibi, usininunie hapo, endelea kusoma.

Nina ndui. Nimelisema mapema ili usisikilize barua nzima roho ikiwa juu. Homa ilinishika juzi, kiuno kikauma kama cha mtu aliyetwanga mpunga kutwa, na leo jioni nimehisi vipele kwenye ulimi, halafu nikaviona kwenye mikono. Usiniambie labda ni malaria. Nimemuuguza mtu mwenye ugonjwa huu, naijua sura yake. Nitakueleza ni nani na ilikuwaje, maana hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Kesho asubuhi unavuka mto kupanda treni ya Ponthierville na sanduku lenu la chanjo, na najua utapita hapa kwanza kuniaga. Ninalotaka ni uvuke. Ukiingia humu ndani, hutavuka. Utasema nani atanipa maji, nani atanigeuza, na utakuwa umesema kweli, kisha treni itaondoka. Kwa hiyo nimekaa na kalamu ya papa yako, naandika Kiswahili cha chuoni kama alivyopenda yeye, si kile tunachoongea sokoni, maana Bibi Asumini amesema barua yenye makosa haisomi hata iwe ya mgonjwa.

Habari za kula vizuri na kufunga chandarua sitakuandikia. Wewe ni mtu mzima, umelala zamu hospitalini siku nyingi kuliko kwangu, na mama anayemfundisha mtu mzima kufua shati anajifurahisha mwenyewe tu. Nitakuandikia niliyoyakosea. Hayo nayajua vizuri.

La kwanza si langu peke yangu. Unaikumbuka zahanati ya huku Kabondo, ile yenye mlango wa kijani. Uhuru ulipokuja na yule daktari akaondoka na mke wake na mbwa wake, watu waliingia mle. Wa kubeba vitanda wakabeba, wa kubeba mashuka wakabeba. Ile friji ya mafuta ya taa ilibebwa na vijana wakiimba, ikawekwa kwenye baa ya barabarani, na siku moja wewe ulirudi nyumbani na chupa ya limonadi baridi ukampa papa yako. Aliinywa. Mimi nami nilikunywa, na ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Tulisema huu ndio uhuru, sasa na sisi tunakunywa baridi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile friji ilikuwa inatunza nini. Leo nyinyi mnatembea na chanjo ndani ya barafu ya kuomba kwenye kiwanda cha bia, na uliniambia mwenyewe kwamba barafu ikiisha dawa inakufa. Basi kumbuka hilo kesho ukisimama hapo langoni, jua likianza kupanda.

Ugonjwa ulipoingia mjini hakuna aliyetaka kuutaja kwa jina. Gari la serikali lilizunguka na kipaza sauti: "Iko tetekuwanga ya batoto. Kila mutu abakie na kazi yake." Hazikupita siku nyingi, gari lile lile na sauti ile ile likasema soko limefungwa, matanga yamekatazwa, na mwenye mgonjwa amtoe. Sasa wewe niambie. Mtu aliyeambiwa jana kwamba hakuna kitu, leo anakuta askari wa kambi ya Kapalata wamesimama kwenye meza za samaki na bunduki, atatulia vipi? Hatatulia. Ataanza kujijibu mwenyewe.

Na walijijibu. Mimi nilikuwa ndani, kwenye eda ya papa yako, nimevaa nyeupe, sitoki na sionani na mwanamume, lakini habari zote za mji zilikuja kukaa kwenye mkeka wangu. Wanawake walikuja kunipa pole, wakanywa chai yangu, wakasema. Sindano ni ya kuwahesabu vijana wapelekwe jeshini. Sindano inafunga kizazi. Wazungu walioondoka wameuacha ugonjwa makusudi, kama mtu anayehama nyumba akaacha nyoka. Mmoja aliapa kwamba dawa yenyewe ni damu ya ng'ombe, nikamwambia basi chanjwa, angalau utakuwa umekula nyama mwezi huu. Tulicheka sana. Papa yako angekuwepo angetuambia tumefanya nyumba ya msiba kijiwe.

Habari za lazaret hatukuzicheka. Ile kambi ya wagonjwa waliyoijenga nje ya mji, ya miti na maturubai, wewe umefika, mimi nimeisikia tu. Anayechukuliwa hafuatwi na mama wala mume. Anayekufa humwagiwa chokaa, haoshwi, hasaliwi, na watu wake wanapata habari kwa dereva wa lori. Wanawake walipofika kwenye hadithi hiyo kila mmoja alitazama pembeni. Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria angemficha wapi mtoto wake.

Mama Albertina alifikiria kwangu.

Unamjua, yule wa Wagenia, mume wake anatega samaki kwenye maporomoko na yeye ndiye aliyekuwa akitupunguzia bei tangu wewe hujaota meno. Watu wa kwao walikuwa wa kwanza kuchanjwa. Chifu wao alivua shati hadharani, wote wakapanga mstari nyuma yake. Lakini Roza, binti mdogo wa Mama Albertina, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa kwa nyanya yake, kule juu kwenye njia ya treni, na alipoletwa nyumbani alikuwa anawaka. Magharibi moja Mama Albertina aliingia kwangu kwa mlango wa uani, mtoto mgongoni amefunikwa kitenge mpaka kichwani.

"Dada," akaniambia, "bakimupeleka kule sitamuona tena. Kwa nyumba yako banaume habaingie."

Nilimfunua mtoto nikaona uso. Sikuhitaji kuuliza.

"Siku ngapi?" nikasema.

"Mpaka ikauke tu. Mimi nimechanjwa, nitakuja usiku kumuangalia. Dada, wewe iko na mutoto mumoja, unajua."

Angesema maneno mengine yote ningemjibu. Hilo la mtoto mmoja lilinifunga mdomo. Nikamtandikia Roza chumba cha ndani, kile chenye cherehani ya papa yako, na kuanzia siku hiyo mlango wa chumba hicho ukawa haufunguki mchana. Wageni wangu niliwaacha mbele, kwenye mkeka. Nikawaambia huko ndani kuna vitu vya marehemu, bado sijaweza kuvitazama. Waliniamini, wakanililia. Wanawake wale wote, Amisi, wamekunywa chai niliyoichemsha kwa mikono iliyotoka kumgeuza Roza. Nilikuwa nanawa kwa sabuni na majivu. Nilidhani inatosha.

Halafu akaja kijana wa hygiène, wale wa afya wanaosaka wagonjwa, na askari wawili, nyumba kwa nyumba. Nilikaa nyuma ya pazia. Roza alikuwa ndani, nimempa kipande cha muwa kutafuna ili asilie, na nilikuwa nasikia mpaka anavyotafuna.

"Pole na matanga, Mama," yule kijana akasema. "Iko mugonjwa ndani?"

"Hapana, baba. Iko mimi na msiba wangu tu."

Nikamsikia anawaambia askari, "Hapa ni mjane, hatuingie." Alivua kofia, Amisi. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, kijana mwenye adabu, jasho limemlowesha shati, akainama kidogo kama anayepita mbele ya wazee, akaenda zake. Nami nilijiona mjanja mno. Nilikwenda ndani nikamwambia Roza tumewashinda. Serikali nzima, na bunduki zake, imegeuzwa na pazia la kitambaa cha maua. Bibi Asumini, ambaye ndiye pekee aliyejua ukiacha mama wa mtoto, alinitupia ile methali ya mficha maradhi, wala hakuimalizia, maana kila mtu anaujua mwisho wake. Nikamwambia anyamaze avute ugoro wake.

Sasa nimefika kwako, na hapa, Bibi, soma polepole, usiruke neno.

Ulikuja siku iliyofuata. Ulikuwa umevaa ile fulana ya kazi, na begi la hospitali begani. Ulipiga hodi kwa namna ile ya utotoni, kwa kucha, na moyo wangu uliruka kabla sijakumbuka kilichokuwa ndani. Nikakimbilia nyuma ya pazia, nikakuambia usiingie, niko kwenye eda. Ulicheka.

"Mama, mimi iko mutoto wa tumbo yako. Eda inanihusu nini?"

Ulikuwa na haki. Hata mtoto wa chuo anajua kwamba mwana si mtu baki. Na shehe alikwisha kutangaza kwamba kwenye chanjo hata mwanamke wa eda atoe mkono kwa mganga, maana ni dharura. Nililijua hilo. Nikakuambia mimi nina eda yangu na sikukuomba unifundishe dini.

Ukaweka begi chini, ukalifungua. Kisha ukasema, "Bon. Basi toa mkono tu kwenye pazia. Sikuone uso, niuone mkono. Dakika moja tu, Mama." Na ukaongeza jambo ambalo limekuwa likizunguka kichwani kwangu tangu homa ianze: "Hata kama umekaa karibu na mugonjwa, ikikuwahi mapema inazuia."

Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa umejaa ile dawa ya zambarau ya kumpaka Roza, kuanzia kwenye vidole hadi kwenye kiwiko. Wewe unaijua dawa ile, unaipaka kila siku. Ungeuona mkono ule ungejua kila kitu kabla hujatoa sindano. Na ungefanya nini? Sikujua. Sikujua kama aliyesimama pale ni mwanangu au ni mtu wa serikali, na hilo ndilo lililoniuma hata wakati ule. Kwa hiyo nikafanya kile watu wanachofanya wakibanwa. Nilikutukana.

Nilikuambia sindano zenu ni damu ya ng'ombe na zinafunga kizazi, wapelekeeni walioitaka serikali yenu. Nilikuambia papa yako alikufa bila sindano na alikuwa mtu kukushinda wewe.  Nilikuona unafunga begi, unakosea kishikizo, unafunga tena. Ukasema, "Kaa na amani, Mama," ukatoka, na tangu siku hiyo umekuwa ukituma salamu tu.

Najua ulichofikiri. Umefikiri mama yako naye ni wa wale wanaoamini damu ya ng'ombe. Umefikiri naionea haya kazi yako mbele ya majirani. Siyo, mwanangu. Sijawahi kuionea haya. Siku ulipopata ile fulana niliwaambia wanawake kwenye mkeka mpaka wakachoka, na Bibi Asumini akaniuliza kama umekuwa waziri. Niliutaka ule mkono wako kuliko unavyojua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, umbali wa kukugusa, na kila kitu ndani yangu kikisema toa mkono, mwanamke, toa mkono. Sikuutoa.

Roza amepona. Nakuambia ili usinichukie bure. Magamba yamekauka yakadondoka, uso umebaki na mashimo, na jicho moja lina ukungu kidogo, lakini anacheka na anaiba sukari. Mama yake alimrudisha kwao juma lililopita. Siwezi kusema najuta kwamba yuko hai. Nimejaribu kujuta, nimeshindwa. Najuta kwamba sikukuamini wewe, na kwamba kila aliyekuja kunipa pole nilimkalisha kwenye hatari bila kumwambia. Watu wanapenda kusema walichagua kati ya zuri na baya. Mimi nilichagua mtoto niliyekuwa namwona na nikawasahau wale ambao sikuwa nawaona, na nilipokuwa nafanya hivyo nilijihisi mtu mwema.

Kwa hiyo huko uendako, mtu akikunyima mkono, usikimbilie kumwita mjinga. Mimi nilikutolea maneno ya kijinga yote niliyoyasikia kwenye mkeka, na hakuna hata moja nililoliamini. Mwangalie anasimama wapi. Angalia ni mlango gani anaoukinga kwa mgongo wake. Sikuambii umsukume uingie. Sijui nikuambie ufanye nini, kwa kweli. Kama mngekuwa na mwanamke kwenye kundi lenu labda ningemfungulia. Au labda ningemdanganya naye, nilikuwa hodari siku zile. Ila kama ungekaa chini pale nje ya pazia, usifunge begi, ukanyamaza tu kwa muda, nadhani ningelia, na ukinisikia nalia ungejua.

Si lawama hiyo. Usiichukue hivyo. Wewe ulifanya kazi yako na mimi nilikufukuza.

Sasa jambo la huko juu, ambalo sote tumekwepa kulisema. Wanawake wanasema waasi wameshaonekana kwenye reli. Wanasema wanarushiwa maji ya dawa na risasi inageuka maji, na mwenye dawa hiyo hapaswi kuguswa na dawa nyingine. Wewe unawapelekea sindano. Wanasema pia kwamba wakiua wanaanza na karani, na mwalimu, na kila aliyechomeka kalamu mfukoni. Mimi siwezi kujua la kweli ni lipi, nimeshakuambia habari zangu zinatoka kwenye mkeka. Lakini askari wa Kapalata wameanza kuwapeleka wake zao makwao, na hilo halikuletwa na mkeka, Bibi Asumini ameliona kwa macho yake kivukoni. Kalamu yako iweke ndani ya soksi. Wakilitaka sanduku, waachie sanduku. Usiwaeleze kitu chochote kuhusu dawa yao, hata ukijua kila kitu. Papa yako alikuwa na ugonjwa huo wa kusahihisha watu, na wewe umeurithi.

Na hapa kuna jambo ambalo nimelifikiria tangu jana, nalisema wazi ingawa ni aibu. Nimefikiri nikuite. Nikuite tu, kwa jina, ukipiga hodi kesho. Ungeingia. Usingepanda treni. Waasi wangekuta wengine njiani, si wewe. Ndui yangu ingekuwa imekuokoa, na wewe ungekaa kando ya kitanda changu umechanjwa, salama, unanipangusa uso. Nililipenda wazo hilo, Amisi. Nililala nalo mchana kutwa kama na mtoto mchanga. Mama gani asingelipenda?

Halafu nikamkumbuka nyanya yake Roza. Yuko kule kwenye njia ya treni, na mtoto alitoka kwake akiwa anawaka, maana yake kuna wengine wanawaka mpaka leo. Roza aliniambia majina yao nilipokuwa nampaka dawa. Wa kwanza anaitwa Pelo, wa pili ana mbuzi, wa tatu hakulijua jina lake, akamwita tu yule wa jirani. Mara ile nilimchagua mtoto aliyekuwa mbele yangu. Nikikuita kesho nitakuwa nimechagua vile vile, na safari hii mtoto mwenyewe ni wewe, na wewe si mtoto. Isitoshe, salama gani hiyo ninayokuwekea? Waasi wakishaichukua reli watafuata mto, na mto unakuja hapa hapa. Siuoni upande wowote usio na hatari, mwanangu. Naogopa. Naogopa uso wangu, naogopa lazaret na chokaa yake, na zaidi ya yote nakuogopea wewe.

Nenda na dawa yako. Ukifika kivukoni, kabla hujapanda, mwambie mkubwa wenu kwamba kwa mjane wa fundi Ramazani kuna ndui. Mwambie mgonjwa alifichwa humu, na mjane mwenyewe alidanganya. Majina ya wanawake waliokaa na mimi Bibi Asumini atakutajia kwa mdomo, wote anawajua, wengine amewapaka hina ya harusi. Wanaobaki mjini wawafuate siku hiyo hiyo na chanjo, kabla ya adhuhuri, na waende bila askari ikiwezekana, maana wakienda na askari wataukuta mji mzima uko kwenye eda. Watanichukia. Mama Albertina nilimtumia habari jioni hii kwamba nitalitaja jina lake na la Roza. Bibi anasema aliwaacha samaki wakaungua jikoni, kisha akasema, "Aseme tu."

Na yule kijana wa hygiène, kama ndiye watakayemtuma, mwambie safari hii asivue kofia. Aingie.

Bibi Asumini atakwenda nami kwenye hiyo kambi. Serikali imekataza, lakini yeye ameuliza ndui itamfanya nini tena, na ameshafunga ugoro wake kwenye kanga. Nikifa atanisimamia. Sitaoshwa, najua, na nimelitafakari hilo, na nimeona kwamba Mwenyezi Mungu hashindwi kumtambua mtu wake chini ya chokaa. Nikipona nitakuwa na uso kama wake, na itabidi utafute mke asiyeogopa mama mkwe. Hilo tumelicheka sisi wawili jioni hii, usidhani tumekaa tunalia tu.

Cherehani ya papa yako usiiuze, hata wakisema ichomwe na vyombo vingine, waambie chuma hakiugui. Ile fulana ya kazi ivae, mimi nimekupa ruhusa, na kama wanawake wa kule juu watauliza wewe ni mtoto wa nani, sema jina langu kwa sauti. Radhi zangu unazo. Ulikuwa nazo hata siku ile niliyokutukana, na nilikuwa nataka kukufuata mpaka barabarani kukuambia, na sikukufuata.

Bibi Asumini akimaliza hapa najua hutaondoka mara moja. Nakujua. Utamwangalia akiichoma karatasi, kisha utasogea kwenye lango na kuniita, kwanza polepole, halafu kwa nguvu. Nitakusikia vizuri, chumba hiki hakiko mbali. Sitaitika, Amisi. Usidhani nimekufa, wala usidhani bado nimekasirika. Nikiitika, utaingia.